Majeruhi Mmoja Zaidi wa Okharkot

Asar 15

Leo, katikati ya mwezi wa Asar, ni siku ya kupanda mpunga. Tangu alfajiri kijiji kizima cha Simle kimo matopeni hadi magotini, watu wakiimba na kurushiana tope, na mimi nimeketi barazani kwa Nandakali nikila mtindi na mchele uliopondwa, kama kila mtu anavyokula siku hii, huku nikijifanya nasahihisha sura ya nne ya kitabu changu cha historia. Sura hiyo inahusu kuanguka kwa kituo cha polisi cha Okharkot, ng'ambo ya mto, mikononi mwa waasi, katika mwaka wa saba wa vita vyetu. Nimekuja kukaa hadi mvua ziishe, ili niitembee ardhi ambayo hadi sasa nimeijua kwa ramani tu.

Nyumba hii niliichagua kwa makusudi, na sina hakika kwamba makusudi yenyewe yalikuwa ya heshima. Ripoti ya serikali inasema kwamba polisi wote waliouawa Okharkot walitambuliwa, na kwamba mmoja hajulikani alipo. Mmoja huyo ni konstebo Karnajit, mume wa Nandakali.

Nandakali alipita barazani na mzigo wa miche mgongoni, akaniangalia miguu.

"Mwalimu, miguu mikavu siku kama ya leo? Hata pandit wa hekalu ameingia shambani."

"Naandika, dada."

"Andika, andika. Ukivuna hizo karatasi utatugawia."

Anavaa shanga nyekundu shingoni na bangili nyekundu mikononi, kama mke yeyote ambaye mumewe yu hai.

Asar 16

Mvua. Sikuandika chochote cha maana.

Asar 23

Mama Rupsara, mama yake Karnajit, hainuki tena kitandani ila kwa kushikwa mkono. Jioni aliniita nikaketi karibu na kichwa chake.

"Wewe umesoma," alisema. "Pandit Lokraj anasema aliyepotea husubiriwa miaka kumi na miwili. Ikitimia hajaonekana, anatengenezewa mwili wa nyasi za kush, unachomwa mtoni, ndipo naye anapata njia. Kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mama. Ndivyo desturi ilivyo."

"Mwezi wa Bhadau ukifika inatimia. Na katika siku za kuwalisha wafu, ile ya kumi na nne ni ya waliouawa kwa silaha. Siku hiyo mwanangu achomwe, apewe na ubwabwa wake. Nikitangulia mimi kabla hajapewa, nitamwambia nini nikimkuta huko ana njaa?"

Nandakali alikuwa jikoni. Hakugeuka.

"Atakula akirudi. Nitampikia mwenyewe."

"Umesikia? Miaka yote jibu lake ni hilo."

"Mama, niletee mtu aliyemwona amekufa. Mtu mmoja tu. Shanga hizi nitazivua kwa mkono wangu, sitangoja kuvuliwa."

Wameshasemezana hayo mara nyingi, na watayarudia kesho. Nilimwona Nandakali kama mwanamke mkaidi, na nikamhurumia mama mkwe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona leo.

Chini ya kitanda cha mama kuna sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo wake Karnajit aliutundika kwenye janai, uzi wake mtakatifu wa begani, kama wanaume wa hapa wanavyofanya. Mara ya mwisho alipokuja likizo ilikuwa wiki ya Tij, sikukuu ya wake, Nandakali yuko kwa wazazi wake. Aliingia giza limeshatanda, akala, akafungua sanduku na kulifunga, akaondoka mama yake bado amelala. Usiku uliofuata kituo kilishambuliwa. Nilimuuliza Nandakali kwa nini hawajalivunja kufuli hilo.

"Lina mwenyewe," alisema.

Saun 3

Nilivuka daraja kwenda Okharkot kuonana na Tilbikram Gharti, aliyeongoza waasi upande wa kaskazini usiku ule. Siku hizi ni mkandarasi wa barabara. Nilitarajia kumkuta mtu wa majivuno, na kwa nusu saa ya kwanza hakuniangusha.

Alinisimamisha juu ya kilima cha shule, nyuma yetu katapila lake likikwangua udongo mwekundu.

"Hapa niliweka bunduki yetu kubwa. Andika 'bunduki kubwa', usiandike kwamba ilikuwa moja."

"Lakini ilikuwa moja?"

"Ndiyo maana nakuomba."

Kisha akaniongoza chini hatua kwa hatua, na lazima nikiri kwamba maelezo yake yalikuwa safi kuliko ripoti yoyote niliyosoma. Mashamba ya mpunga yalijaa maji, kwa hiyo polisi waliamini hakuna atakayepitia huko. Watu wake walipita huko huko, wakibeba mabomu waliyotengeneza kwa sufuria za presha. Hapakuwa na mwezi. Tochi alizipiga marufuku. Nikamuuliza jambo ambalo limenisumbua tangu nianze utafiti: walijuaje, katika giza na tope lile, ni maiti gani za kubeba? Serikali haikupata hata mwili mmoja wa mwasi.

"Kwa miguu," alisema. "Niliwaambia wabebaji: papaseni miguu. Ukikuta buti, mwache hapo hapo, ni wa serikali. Ukikuta raba za turubai, mbebe, ni wetu. Hai au maiti, beba. Sisi hatukuwa na kiatu kingine."

"Na njia hiyo ilifaulu?"

"Ilifaulu mpaka ikazidi." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Asubuhi, kule juu kwenye shingo ya mlima, pale pa kuvukia, niliwahesabu. Nilikuwa na majeruhi mmoja zaidi."

"Zaidi ya nani?"

"Zaidi ya watu niliowakosa kwenye vikosi. Lakini vikosi vilichanganyika, Mwalimu, na wengine walijiunga nasi njiani. Vita si darasa la hesabu. Akafa kunapambazuka, hakutaja jina. Nikampa jina, Komredi Bihan, yaani alfajiri. Hatukumzika mtu wetu kama mbwa." Akaelekeza kidole kwenye maduka ya bazaar, ambako nguzo mbili za zege zimesimama kandokando ya barabara. "Lango lile ni la mashahidi wetu, waliokufa vitani. Jina lake litakuwemo. Tunalifungua kabla ya sikukuu ya Dasain."

Saun 4

Upande huu amepungua mmoja, upande ule amezidi mmoja. Kishawishi cha kuwajumlisha ni kikubwa, na kishawishi si ushahidi. Sijamwambia Nandakali kitu.

Saun 12

Nilimpigia simu sajini mstaafu aliyekuwa mkuu wa Karnajit kituoni. Anaishi tambarare sasa, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na feni na watoto.

"Karnajit? Namkumbuka vizuri. Alirudi kutoka likizo jioni ile ile, amelowa chapachapa. Mtu wa maneno yule. Tulipopigwa risasi ya kwanza alikuwa katikati ya hadithi ya nyumbani kwao, hatukujua mwisho wake."

Nilimuuliza juu ya viatu. Nikasikia kwamba nimemkera.

"Kila askari wangu alikuwa na buti, dada. Buti mpya, ziligawiwa mwezi ule ule, nami ndiye niliyezigawa. Askari bila buti ni mpita njia. Hilo mliandike."

Nimeliandika. Kama Karnajit alikuwa na buti, wabebaji walimwacha. Na kama walimwacha, hakuwa yule wa shingo ya mlima. Nilihisi nafuu, nikashuku nafuu hiyo, kwa kuwa nimeona mara nyingi jinsi mtafiti anavyokumbatia ushahidi unaomwondolea kazi ngumu ya kuzungumza na watu.

Saun 13

Mvua. Ruba watatu kwenye kifundo cha mguu.

Saun 17

Mvua. Mama Rupsara aliniuliza leo ni siku gani. Aliniuliza tena baada ya chai.

Saun 25

Leo mwezi ni mpevu, na wanaume wa Simle wameshuka mtoni kubadilisha nyuzi zao za begani. Nilikaa juu ya jiwe nikiwatazama. Kila mmoja alivaa uzi mpya kwanza, kisha akahamisha ufunguo kutoka ule wa zamani, kisha akauvua wa zamani. Nilijikuta nikizihesabu funguo.

Alasiri nilikwenda bazaar kumtafuta Sirmali Budha. Tilbikram alinitajia jina lake: ndiye aliyeshika mbele ya machela iliyomleta yule majeruhi wa ziada. Anashona blauzi kwenye kibanda kimoja karibu na lango jipya. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, macho yasiyokaribisha.

"Mimi nashona, dada," aliniambia kabla sijamaliza salamu. "Kama una kitambaa, keti. Kama una maswali, mvua inakuja, wahi daraja."

Niliwahi daraja. Nilimwona kuwa mtu mwenye kitu cha kuficha.

Saun 30

Mvua imenyesha bila kukata tangu juzi. Nilikuwa nimevuka asubuhi kununua chumvi na mishumaa, na kabla sijarudi mlima uliguna, sauti ambayo sijawahi kusikia, nzito na ndefu, na watu wote wa bazaar wakatoka kusimama barabarani. Mteremko ulio chini ya shingo ya mlima ulikuwa ukishuka, miti ikiwa bado imesimama juu yake. Uliingia mtoni wote. Maji yaligeuka rangi ya matofali. Makaburi ya waasi yalikuwa kwenye mteremko huo.

Sirmali alisimama mlangoni pake akitazama. Hakulia. Alinishika mkono akaniingiza ndani, akafunga mlango, akakaa nyuma ya cherehani yake bila kushona.

"Washa hiyo mashine yako ya sauti," alisema. "Sasa hakuna tena wa kumfukua yule niliyembeba."

Nanakili hapa yaliyomo kwenye kinasa sauti, kwa kadiri nilivyoweza.

"Nilipapasa miguu, nikakuta raba. Mwenzangu akasema huyu anahema, tumbebe. Alikuwa amepigwa tumboni. Njia nzima ni matope, tunateleza, tunamwangusha. Wengine kwenye machela za nyuma walikuwa wanawaita mama zao. Huyu wetu alinyamaza kama mzigo. Kulipoanza kupata nuru tukampumzisha, nikamfungua shati nikandamize kidonda, nikaona janai. Wenzetu wote walikuwa wameshazikata hizo nyuzi za dini. Nikafikiri, huyu ni mgeni, amejiunga juzi, hajapata moyo wa kuikata, wakimwona watamcheka. Nikauficha uzi ndani ya shati. Ulikuwa na ufunguo mdogo, ule wa kufuli la sanduku. Alipoona nimeuficha alinishika mkono. Hakuuachia mpaka mwisho."

"Hakusema neno?"

"Aliomba maji kwa kiganja, hivi. Tulifundishwa kwamba aliyepigwa tumboni hapewi maji. Nikampa."

"Kwa nini?"

"Ungemnyima wewe?"

Nilisogeza kinasa sauti karibu naye.

"Hukumshuku kuwa ni polisi?"

"Wakati ule? Ningemshukuje, nilikuwa nimempapasa miguu mwenyewe. Nilianza kushuku baadaye, vita vimeisha, nipo hapa nashona. Mtu wetu angesema kitu. Hata jina lake tu. Asiyetaka kusema hata jina lake ni mtu anayejua kwamba akifungua mdomo atajulikana. Alilala juu ya machela ya adui zake akijua, dada. Sisi ndio hatukujua."

Daraja limesalimika. Nilirudi Simle mchana huo huo, na Nandakali akanikaripia kwamba nimelowa.

Bhadau 1

Nimekisikiliza kinasa sauti tena. Nilihofu kwamba mimi ndiye niliyeutaja ufunguo kwanza. Sikuutaja, ni yeye. Lakini wanawake wa Simle wanashonewa blauzi Okharkot, na habari za sanduku lisilofunguliwa huenda zimezunguka bazaar nzima. Mtu mwenye mzigo moyoni aweza, bila kusema uongo hata kidogo, kuipamba kumbukumbu yake kwa ufunguo aliousikia. Na bado kuna buti za sajini. Nikiwa nahakiki kazi ya mwanafunzi ningeandika pembeni: haitoshi.

Bhadau 7

Mama Rupsara amekataa uji.

Bhadau 12

Tij. Nandakali amefunga tangu usiku wa manane, bila chakula wala tone la maji, kwa ajili ya maisha marefu ya mumewe. Alivaa sari nyekundu. Alicheza hekaluni na wanawake wengine mpaka jasho likamchirizika, na aliponiona nimesimama kando alinivuta mkono.

"Cheza, Mwalimu. Huna mume, cheza bure."

Nilicheza. Huku nacheza nilikuwa nikiyajua niyajuayo. Nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya usahihi wa kazi. Sidhani kwamba nilijiamini.

Bhadau 14

Nimemwambia.

Alikuwa uani akipepeta mchele. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyofundisha: wabebaji na miguu, majeruhi wa ziada, uzi, ufunguo, maji. Kisha nikampa upande wa pili kwa uzito ule ule: buti za sajini, umbea wa bazaar, makaburi yaliyozolewa na mto. Ungo haukusimama. Makapi yaliendelea kuruka na kuangukia upande mmoja.

"Alinyamaza njia nzima?" aliuliza.

"Ndivyo anavyosema Sirmali."

"Basi si yeye."

"Dada..."

"Si yeye, Mwalimu. Mume wangu? Alikuwa akizungumza na tonge mdomoni. Alizungumza usingizini. Siku ya harusi yetu pandit alimnyamazisha mara mbili mbele ya wageni. Unaniambia amebebwa mlima mzima bila neno?" Akacheka, cheko fupi. "Mmebeba mtu mwingine."

Aliingia ndani na mchele. Nilibaki nikitazama makapi. Hoja yake haikuwa dhaifu kuliko zangu. Ilikuwa ushahidi juu ya tabia ya mtu, kutoka kwa shahidi aliyemjua kuliko wote, na mimi ningeikubali bila kusita ingetoka kwa jenerali akimzungumzia msaidizi wake.

Bhadau 15

Hatukusemezana ila juu ya chumvi.

Bhadau 24

Siku za kuwalisha wafu zimeanza. Kila nyumba ina wake. Mama Rupsara anawataja wa kwake kwa majina, akifika kwa Karnajit ananyamaza na kumtazama Nandakali.

Bhadau 28

Asubuhi Nandakali alitoka na kitambaa chekundu kwapani. "Nataka blauzi ya Dasain," alisema. "Twende kwa huyo fundi wako."

Njiani alitembea mbele yangu. Kibandani Sirmali alimtambua nadhani kabla sijataja jina, maana alichukua utepe wa kupimia na kuushika kwa mikono miwili. Nandakali alisimama mbele yake wima.

"Mwalimu anasema ulimbeba mtu."

"Inua mkono, dada. Nilibeba wengi."

"Mmoja aliyenyamaza."

"Ndiyo."

"Alikuwa mzito?"

Utepe ulikuwa umezunguka kifua cha Nandakali, na Sirmali hakuusoma. "Mzito sana. Nilimtukana. Nilimwambia, komredi, umekula nini huko kwenu, mlima wote huu?"

"Akafanya nini?"

"Akacheka."

"Umesema alinyamaza."

"Hakutoa sauti. Machela ilitikisika. Nilidhani anakata roho, nikageuka, nikaona anacheka. Nilikasirika. Mtu tumbo liko wazi anacheka nini?"

Nandakali aliushusha mkono wake polepole.

"Alikuwa ametoka kula kwa mama yake," alisema.

Nje katapila la Tilbikram lilikuwa likinguruma. Kisha Nandakali akaiweka shali yake begani.

"Kitambaa nakuachia. Usikikate bado."

Nilikosea juu ya Sirmali. Nilidhani macho yale yanaficha kitu. Alikuwa akingoja mtu mwenye haki ya kuuliza, na mtu huyo hakuwa mimi.

Asoj 2

Nilikuwa nanawa uso pale bombani. Nandakali alikuja na ndoo, akaiweka chini, akasema bila utangulizi:

"Nimefikiri. Kunyamaza hakujua, hilo silibadilishi. Lakini mtu hujifunza. Labda alijifunza usiku ule."

"Sina hakika, dada. Lazima nikuambie tena kwamba sina hakika."

"Najua huna. Umeniambia mara tatu. Wewe baki na shaka yako, ni kazi yako. Mimi nina mama mkwe anayekufa na mtu aliyelala juu ya machela." Alijaza ndoo. "Mwite pandit. Siku ya kumi na nne."

Nilibaki nimeshika sabuni. Yule niliyemwita mkaidi mwezi wa Asar ameamua jambo ambalo mimi, na vyeti vyangu vyote, bado nalizunguka kama mbuzi aliyefungwa kigingini.

Asoj 4

Nilikwenda kumwambia Tilbikram, kwa kuwa niliona ana haki ya kujua kabla ya kusoma kitabuni. Alikuwa juu ya ngazi akisimamia herufi za lango. Alishuka.

"Kwa hiyo unaniondolea shahidi."

"Nitaandika kwamba inawezekana alikuwa polisi. Nitaandika na sababu za kushuku."

"Inawezekana." Alilitafuna neno hilo. "Mwalimu, nilijua hesabu haikutimia. Miaka yote hii nilijua. Lakini nilimfumba macho kwa vidole vyangu. Jina lile halitoki langoni. Alikufa kwetu."

"Mkewe hajaomba litoke."

Hilo hakulitarajia. Aliangalia mikono yake, kisha akauliza kama njia ya kushuka mtoni upande wa Simle imezibuliwa tangu maporomoko. Nikasema bado.

Asoj 5

Katapila limevuka mto tangu asubuhi. Linazibua njia. Tilbikram mwenyewe hakuja.

Sirmali amerudisha kitambaa chekundu, kimekunjwa, hakijakatwa.

Asoj 7

Siku ya kumi na nne. Mawingu, mvua ya rasharasha.

Majirani walimteremsha Mama Rupsara kwa machela ya mianzi mpaka ukingoni, wakamwegemeza juu ya blanketi. Pandit Lokraj alikuwa ameketi akifunga nyasi za kush: kichwa, mikono, miguu. Mwili wenyewe ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, mtoto angeweza kuubeba. Akauliza, bila kuinua uso, mtu huyu alikufa lini, kwa kuwa siku hiyo ndiyo atakayokumbukwa kila mwaka.

Wote walinigeukia mimi. Nimeandika juu ya tarehe za mapigano kadhaa, nimebishana juu ya saa katika mikutano ya wasomi, wala hakuna aliyewahi kuniuliza tarehe ili ampikie mtu chakula.

"Si usiku wa shambulio," nilisema. "Alfajiri iliyofuata. Kunapambazuka."

Nilisema kwa sauti yenye hakika ambayo sina. Pandit akahesabu kwa vidole, akaitaja siku ya mwezi, akaendelea.

Nandakali alizivua shanga mwenyewe, kama alivyoahidi. Alizivua juu ya kichwa taratibu, zisikwame kwenye nywele, akaziweka juu ya kifua cha nyasi. Bangili alizivunja juu ya jiwe. Hawakuwa na mtoto, kwa hiyo moto aliutia yeye. Nyasi zilikuwa na unyevu. Zilifuka moshi kwanza, ndipo zikashika. Mama Rupsara aliweka matonge ya ubwabwa kwenye jani na kulisukumia majini kwa mkono wake, kwenye mto ule ule uliouzoa mteremko. Alisema jambo kwa sauti ya chini. Nilikuwa karibu, nikalisikia, na sitaliandika.

Tuliporudi nyumbani Nandakali alikuwa amevaa nyeupe. Kabla ya kuingia katika siku zake za maombolezo, za kukaa peke yake, aliomba sanduku livutwe kutoka chini ya kitanda. Alichukua mchi wa kutwangia, akalipiga kufuli. Lilikuwa limeshikwa na kutu, likaachia kwa pigo la pili.

Ndani kulikuwa na blanketi, mwavuli, na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alilifungua gazeti lile juu ya mapaja yake.

Zilikuwa buti. Jozi moja, za polisi. Ngozi ilikuwa imeota ukungu mweupe, lakini soli zilikuwa mpya, hazijakanyaga tope, na kamba zilikuwa bado zimekunjwa ndani kama zilivyotoka kwenye ghala.

Nilielewa kwa kuchelewa, kama kawaida yangu. Polisi waliokwenda likizo miaka ile walivaa kama wakulima ili wasitambuliwe njiani. Alizileta zikiwa zimefichwa kwenye furushi, akaziweka mahali pakavu ili azivae mpya siku ya Dasain, akarudi kituoni na viatu vilivyokuwa miguuni mwake. Sajini alinieleza ukweli. Kila askari alikuwa na buti. Sikuuliza ziko wapi.

Nandakali aliigeuza buti moja, akaingiza mkono ndani mpaka mahali pa kidole gumba, akautoa.

"Maneno yote yale aliyokuwa nayo," alisema, "na hili hakumwambia mtu."

Mama Rupsara aliinua kichwa kitandani. Macho yake hayaoni mbali tena.

"Nini hicho?"

"Viatu vyake, mama."

"Aliviacha?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesikia habari mbaya ya jana. "Mvua yote ile? Mwanangu alikwenda pekupeku?"

Nandakali aliziweka buti chini, sambamba, akaenda kumshika mkono.

"Hapana, mama," alisema. "Alivaa raba."